Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Udhibiti wa Sukari na Neva Zinazojiendesha Mwilini

Maswali haya ni yale ambayo wagonjwa wa kisukari na jamaa zao huyarudia katika kliniki za sukari za Mombasa, mara nyingi wakiwa tayari wamesimama mlangoni kutoka. Majibu yanawahusu watu wazima. Watoto na wajawazito wana viwango vyao, na wafuate maagizo ya daktari anayewaangalia. Sukari ya damu imetajwa kwa milimoli kwa lita, kama zinavyoonyesha mashine nyingi zinazouzwa hapa.

## Misingi

1. Neva zinazojiendesha ni zipi, na sukari inaziumiza vipi?

Neva zinazojulikana zaidi na wagonjwa wa sukari ni zile za miguuni, zinazoleta ganzi na moto wa nyayo. Ziko nyingine ambazo hazingoji amri ya mtu. Hizo ndizo zinazouharakisha na kuutuliza moyo, zinazobana mishipa ya damu mtu anapoinuka, zinazosukuma chakula tumboni, zinazofungua na kufunga kibofu, zinazotoa jasho na kuitanua mboni ya jicho gizani.

Sukari ikikaa juu kwa miaka huvuruga kemia ya ndani ya neva yenyewe na pia huharibu vijishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Neva ndefu hutangulia kuumia, na ndiyo sababu neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo ikapitia moyoni hadi tumboni, huwa miongoni mwa za kwanza. Athari ya mapema kabisa haina dalili: moyo hupoteza uwezo wake wa kubadilisha kasi kidogo kidogo mtu anapovuta na kutoa pumzi.

2. Miguu yangu ina ganzi. Je, neva za ndani nazo zimeshaumia?

Si lazima, lakini hali hizi mbili huandamana mara nyingi. Mwenye ganzi, au aliyekwisha kuambiwa kwamba macho au figo zake zimeguswa na sukari, ana sababu ya kuomba vipimo vya swali la 3 bila kungoja kizunguzungu.

3. Vipimo vyake ni vipi, na vinafanywa lini?

Mwenye kisukari cha aina ya pili anastahili kuangaliwa tangu siku ugonjwa ulipogunduliwa, kwa sababu huenda ameishi nao miaka kadhaa bila kujua. Mwenye aina ya kwanza huanza kuangaliwa miaka mitano baada ya kugunduliwa. Baada ya hapo ni kila mwaka.

Kipimo kimoja hufanywa kwa mashine ya kurekodi mapigo ya moyo huku mgonjwa akivuta pumzi ndefu, pumzi sita kwa dakika. Moyo wenye neva nzima huenda kasi wakati wa kuvuta na hupungua wakati wa kutoa, ilhali ulioumia hupiga kwa mwendo ule ule.

Kipimo cha pili hakihitaji zaidi ya mashine ya presha. Mgonjwa hulala chali kwa dakika tano, hupimwa, kisha husimama na kupimwa tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu, mkono ukiwa umeegemezwa usawa wa moyo. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, presha yake inaporomoka anaposimama. Pale penye foleni ndefu mgonjwa hupimwa akiwa ameketi tu, na presha ya kuketi huificha kabisa hali hii. Kuomba upimwe umesimama si usumbufu kwa muuguzi.

## Kudhibiti sukari

4. Je, kudhibiti sukari kunazilinda kweli neva hizi?

Ndiyo, na ushahidi ulio imara zaidi unawahusu wenye kisukari cha aina ya kwanza. Utafiti wa DCCT, uliofanywa Marekani na Kanada kati ya 1983 na 1993 kwa watu 1,441, uliwagawa washiriki makundi mawili: kundi moja liliishi na HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu) ya karibu asilimia 7, na jingine karibu asilimia 9. Katika kundi la kwanza uharibifu wa neva zinazouendesha moyo ulipungua kwa takriban nusu. Hata baada ya utafiti kwisha na viwango vya makundi hayo kukaribiana, tofauti ile iliendelea kuonekana kwa miaka mingi, kana kwamba mwili ulikuwa umeweka daftari la madeni. Kwa hiyo miaka ya mwanzo, ambayo mgonjwa hajisikii vibaya wala hana hamu ya dawa, ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Kwa aina ya pili, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, kushusha sukari peke yake kuna faida ndogo zaidi. Utafiti wa Steno-2 wa Denmark, uliokuwa na wagonjwa 160, ulitibu kwa pamoja sukari, presha na mafuta ya damu, na kuwahimiza washiriki kufanya mazoezi na kuacha sigara. Hatari ya neva zinazojiendesha kuzidi kuharibika ilipungua kwa zaidi ya nusu. Anayefurahia sukari ya 6 asubuhi huku presha yake ikiwa 170 kwa 100 bado ana kazi.

5. Nilenge kiwango gani?

Kwa watu wazima wengi, HbA1c ya karibu asilimia 7, sukari ya kati ya 4.4 na 7.2 kabla ya kula, na chini ya 10 saa mbili baada ya kuanza kula.

Ikiwa neva zinazojiendesha zimekwisha kuumia, lengo lenyewe hubadilika. Utafiti wa ACCORD huko Amerika Kaskazini ulijaribu kuwashusha wenye aina ya pili hadi chini ya asilimia 6, na sehemu hiyo ikasimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa vifo vilizidi katika kundi lililobanwa zaidi. Kwa mzee, kwa mwenye ugonjwa wa moyo na kwa asiyehisi sukari ikishuka, daktari anaweza kuridhika na asilimia 8 kwa makusudi. Jamaa wanaomlaumu baba kwa sababu namba yake haifanani na ya jirani hawamtendei haki.

6. Zamani nikitetemeka nilijua sukari imeshuka. Siku hizi sihisi kitu. Kwa nini?

Sukari inaposhuka chini ya 4, mwili humwaga adrenalini na kuziamsha neva zinazojiendesha. Hizo ndizo zinazoleta kutetemeka, moyo kudunda na jasho la ghafla. Kila sukari inaposhuka, hata usingizini, mwili hujizoesha, na mara inayofuata tahadhari huchelewa zaidi. Mwishowe dalili ya kwanza huwa ni kuchanganyikiwa, na anayeiona ni mke au mtoto, si mgonjwa mwenyewe.

Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya hali hii hutengemaa. Mgonjwa akikwepa kabisa kushuka kwa sukari kwa wiki mbili au tatu, au zaidi kidogo, wengi hisia huwarudia. Ambaye neva zimeumia, hisia huenda zikamrudia pungufu. Hili hufanywa kwa kupunguza insulini au glibenklamidi (kidonge cha kushusha sukari) chini ya uangalizi, na si kwa kuacha dawa ovyo. Zingatia pia kwamba baadhi ya dawa za presha na moyo, kama atenololi na propranololi, huficha kutetemeka na moyo kudunda, ingawa jasho hubaki.

Sukari ikiwa chini ya 4, kunywa vijiko vitatu vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au mililita 150 hivi za soda ya kawaida, na upime tena baada ya dakika 15. Aliyezimia asitiliwe chochote kinywani. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.

7. Stripu za kupimia ni ghali. Nipime lini?

Kupima kila asubuhi na kuandika namba ileile kwenye daftari ni matumizi mabaya ya stripu. Kwa anayetumia vidonge, ni afadhali kupima kabla ya mlo mmoja na saa mbili baada yake, leo chakula cha mchana, siku nyingine cha usiku, ili ajue ni chakula gani kinachompandisha. Anayetumia insulini, na hasa mwenye hali ya swali la 6, hawezi kubana hivyo: apime kabla ya kulala, na kabla ya kuendesha chombo (swali la 21).

## Dalili, kiungo kwa kiungo

8. Nikiinuka naona giza na kizunguzungu. Nifanye nini?

Wazee wengi huwapata wanapoinuka kutoka sijda katika swala ya alfajiri, au wanaposhuka kitandani usiku kwenda msalani. Mishipa ya miguu haibani upesi, damu hubaki chini, na ubongo hukosa kwa sekunde chache. Joto na mlo mkubwa huzidisha, kwa hiyo kusimama juani ukingoja feri ya Likoni baada ya sahani ya pilau ni mkusanyiko wa sababu zote.

Jambo la kwanza ni kuzipitia dawa. Za kuongeza mkojo, za tezi dume na dapagliflozini (kidonge cha sukari) zinaweza kuzidisha tatizo. Amitriptilini inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hupewa wagonjwa wa sukari kwa ajili ya moto wa nyayo, kumbe ndiyo hiyo hiyo inayoshusha presha ya kusimama, inayofunga choo na kuzuia mkojo. Si dawa mbaya, ila aliyeiandika na anayetibu kizunguzungu wanapaswa kuwa wanajuana.

Kisha kuna mazoea: kaa ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, kaza misuli ya miguu kabla ya kusimama, kunywa glasi mbili za maji kabla ya kutoka ikiwa moyo na figo havijakataza, na inua upande wa kichwa wa kitanda. Anayeswali na kuanguka anaweza kuswali ameketi. Usijiongezee chumvi bila ushauri, kwa kuwa presha ya baadhi ya wagonjwa hawa huporomoka wakisimama na kupanda mno wakilala.

9. Moyo wangu unakwenda mbio hata nikiwa nimetulia. Je, ni neva?

Huenda. Mapigo yanayozidi 100 kwa dakika mtu akiwa amepumzika ni dalili inayojulikana, lakini kwanza daktari aondoe shaka ya upungufu wa damu, tezi ya shingo, homa na upungufu wa maji.

Lililo zito zaidi ni kwamba neva zilizoumia zinaweza kuyaficha maumivu ya kifua. Mshtuko wa moyo kwa mgonjwa wa sukari huweza kuja kama pumzi kukatika, uchovu usioelezeka, kichefuchefu au jasho baridi. Dalili hizo zikija ghafla, asipewe dawa ya gesi akangojewa kukuche. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

10. Nikila kidogo nashiba, tumbo linajaa, na sukari yangu haieleweki. Ni vidonda vya tumbo?

Inawezekana, lakini wagonjwa wengi hutibiwa vidonda vya tumbo kwa muda mrefu wakati shida ni tumbo lililopunguza mwendo. Neva ya vagasi ikiumia, chakula hukaa tumboni kwa saa nyingi. Mtu hutapika jioni wali alioula mchana, ukiwa bado punje punje.

Mwenendo wa sukari ndio ushahidi. Tuseme mtu amejidunga insulini, akala biriani. Insulini hufika kwenye damu kwa wakati wake, ilhali wali bado umelala tumboni, kwa hiyo baada ya saa moja anapima 3.4 na kuogopa. Anakunywa soda. Saa nne baadaye biriani linafika, soda imekwisha kuingia, na mashine inasoma 16. Anayetazama daftari bila kuuliza juu ya tumbo atadhani mgonjwa anakula kwa kuiba. Zaidi ya hayo, sukari ya juu yenyewe hulifanya tumbo kuwa zito zaidi, kwa hiyo kila kimoja humlisha mwenzake.

Kabla ya kukata shauri, daktari humulika tumbo kwa kamera ili kuhakikisha kwamba hakuna kizuizi. Matibabu huanzia jikoni: milo midogo mitano au sita badala ya mitatu mikubwa, vyakula laini na vya majimaji kama uji mwepesi, supu iliyoondolewa mafuta, samaki wa kuchemsha na viazi vilivyopondwa. Viazi karai, mahamri na mchuzi wa tui zito hukawiza tumbo kwa sababu ya mafuta. Maembe yenye nyuzi na nyama za chungwa hukawiza kwa nyuzi zake. Huu ni ushauri ulio kinyume na ule wa kawaida wa kisukari, unaosifu nyuzi, na ndiyo sababu usifuatwe na asiye na tatizo hili.

Daktari anaweza kusogeza insulini ipigwe baada ya kula. Metoklopramidi husaidia, lakini kwa kawaida haipaswi kupita wiki 12, kwani inaweza kuleta mitikisiko ya uso na ulimi isiyotibika kwa urahisi. Semaglutidi, ambayo ni dawa ya sukari, na dawa za jamii yake hupunguza zaidi mwendo wa tumbo, kwa hiyo mwambie daktari anayetaka kukuanzishia kwamba tumbo lako ni zito. Na sukari ikishuka, tumia kinywaji, biskuti itachelewa.

11. Naharisha usiku, kisha nafunga choo siku kadhaa. Je, ni sukari?

Inaweza kuwa. Lakini kwanza metformini, kidonge cha sukari, iangaliwe, kwa kuwa ndiyo sababu ya kawaida zaidi ya kuhara kwa wagonjwa hawa, na aina yake inayoyeyuka polepole huvumilika vizuri zaidi.

12. Sihisi kibofu kikijaa, na mkojo hauishi. Nifanye nini?

Usingoje kuhisi. Nenda msalani kila baada ya saa tatu au nne, tulia, kisha jaribu tena baada ya dakika chache. Mkojo unaobaki huzaa maambukizi, ambayo nayo huipandisha sukari na yanaweza kufika kwenye figo. Kipimo cha picha baada ya kukojoa huonyesha kiasi kilichobaki. Kwa wanaume, tezi dume huleta dalili zinazofanana na hizi na lazima ichunguzwe.

13. Nguvu za kiume zimepungua. Nanunua vidonge dukani, kuna ubaya?

Uko. Sildenafili, dawa ya nguvu za kiume, ikikutana na dawa za maumivu ya kifua zenye naitreti, presha inaweza kuporomoka hadi kuua. Na kwa mwenye hali ya swali la 8 hata bila naitreti inahitaji uangalifu. Upungufu huu pia huweza kutangulia ugonjwa wa moyo, kwa hiyo anayeumaliza kimyakimya kwenye duka la dawa hujinyima uchunguzi wa moyo. Wanawake nao hupata ukavu na maumivu katika tendo la ndoa, na ni nadra kuulizwa. Watibiwe kama wengine.

14. Nikila tu, uso na shingo hulowa jasho, lakini miguu ni mikavu. Kwa nini?

Watu huilaumu pilipili au joto la Mombasa. Kumbe neva za jasho zimevurugika: juu ya mwili hutoka jasho jingi, hasa wakati wa kula, na chini halitoki. Asiyetoka jasho vizuri hupatwa na joto upesi, basi kazi za juani azifanye asubuhi. Miguu mikavu hupata magaga, na magaga ni mlango wa vidonda. Paka mafuta ya mgando kwenye visigino kila usiku, ila si katikati ya vidole, na usitembee peku mchangani mchana, kwani nyayo zenye ganzi huungua bila wewe kujua.

## Maisha ya hapa

15. Naweza kufunga Ramadhani?

Asiyehisi sukari ikishuka, ambaye presha yake huporomoka akisimama, au mwenye tumbo zito anayetumia insulini, yumo katika kundi ambalo madaktari hushauri lisifunge. Ruhusa ya mgonjwa imo katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na 185, na suala la fidia aulizwe shekhe. Mengine yaamuliwe na daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama, si usiku wa kwanza wa tarawehe.

Anayefunga apime mchana. Wanazuoni wengi wameeleza kwamba tone la damu la kipimo halivunji saumu. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6, afuturu hapo hapo. Daku iliwe karibu na alfajiri. Futari ya Pwani, yenye mihogo ya nazi, tambi, kaimati na sambusa kwenye meza moja, ni wanga juu ya wanga: chagua kimoja, na tende iwe moja au mbili.

16. Insulini yangu itahimili joto hili?

Ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya kugandisha. Iliyofunguliwa nyingi hutumika kwa takriban wiki nne ikiwa mahali pa baridi ya kawaida. Umeme ukikosekana, chungu cha udongo chenye maji pembeni husaidia, ingawa unyevu wa Pwani hupunguza nguvu yake. Usiiache ndani ya gari, na usiitumie iliyogandishwa hata ikiyeyuka.

17. Mwarobaini, mlonge, hulba au sindano za vitamini B zinarudisha neva?

Hakuna ushahidi kwamba mitishamba hii hurudisha neva. Hulba inaweza kushusha sukari kidogo, na ikichanganywa na glibenklamidi humshusha mtu bila kutarajia. Mwambie daktari unachokunywa, hatagomba. Vitamini B12 ni jambo jingine: metformini ya miaka mingi huipunguza, na upungufu huo wenyewe huumiza neva. Pima kwanza, na ikiwa imepungua, itibiwe. Pombe nayo, ukiwemo mnazi, huumiza neva kwa njia yake.

## Hali zisizo za kawaida

18. Sukari yangu imeshuka vizuri ndani ya miezi miwili, ndipo maumivu na kizunguzungu vikaanza. Je, dawa inaniumiza?

Hili hutokea na huwashangaza hata baadhi ya wahudumu. Mtu aliyeishi na HbA1c ya asilimia 13, ikashushwa kwa zaidi ya asilimia mbili au tatu katika miezi mitatu, anaweza kupata maumivu makali ya neva pamoja na presha kuporomoka akisimama. Kwa wengi hali hii hupoa polepole, kwa miezi mingi. Usiache dawa, mwombe daktari apunguze kasi ya kushusha, na macho yapimwe, kwa kuwa nayo huweza kuzidi katika kipindi hicho.

19. HbA1c yangu ni nzuri, lakini mashine ya nyumbani husoma juu. Niamini ipi?

HbA1c hutegemea chembe nyekundu za damu kuishi takriban siku 120. Mwenye selimundu, ugonjwa usio mgeni Pwani, chembe zake hufa mapema na jibu hutoka chini kuliko ukweli. Aliyepoteza damu au kuongezewa damu hivi karibuni pia hupata jibu la kupotosha. Hata anayebeba tu chembe za urithi za selimundu anaweza kupata jibu lisilo sahihi, kutegemea mtambo wa maabara. Hapo daftari la mashine lina uzito zaidi, na daktari anaweza kuagiza kipimo cha fruktosamini, kisichotegemea chembe nyekundu.

20. Nitafanyiwa upasuaji. Yananihusu?

Mwambie daktari wa ganzi na usingizi mapema. Neva zilizoumia hufanya presha kuyumba wakati wa usingizi, na tumbo zito linaweza kuwa na chakula hata baada ya saa za kawaida za kutokula, kikaingia mapafuni.

21. Mimi ni dereva wa tuktuk na natumia insulini. Niache kazi?

Si lazima, isipokuwa huhisi sukari ikishuka. Katika hali hiyo simamisha kuendesha mpaka hisia zirudi (swali la 6) na daktari akubali. Wengine wapime kabla ya kuwasha na kila baada ya saa mbili barabarani. Chini ya 5, kula kwanza. Ukihisi imeshuka ukiwa njiani, egesha, zima, toa ufunguo, kunywa sukari, na usiondoke kabla ya dakika 45 kupita tangu kipimo kirudi kawaida, kwa kuwa akili huchelewa kukaa sawa hata namba ikiwa imeshapanda.